Kabla ya ubishi, uliza: hiyo namba imegawanywa kwa kitu gani?

Ubishi wa mashabiki kuhusu nani mfungaji bora kati ya Caitlin Clark na Pete Maravich hauna dalili ya kuisha. Upande mmoja unasema Clark ndiye mfungaji mkuu wa historia ya kikapu cha vyuo vya Marekani daraja la kwanza: pointi 3,951 akiwa na chuo cha Iowa, 2020 hadi 2024. Upande wa pili unajibu kwamba Maravich alifunga 3,667 akiwa LSU (chuo cha jimbo la Louisiana) kwa misimu mitatu tu, maana enzi zake mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo. Tena hapakuwa na mstari wa pointi tatu. Tena hapakuwa hata na saa ya kuwalazimisha watu watupe.

Namba zote hizo ni sahihi, na ndiyo maana ubishi hauishi. Kila mtu ameshika jumla, na jumla haisemi kitu mpaka uigawe. Igawe kwa mechi: Clark 3,951 kwa 139 ni 28.4. Maravich 3,667 kwa 83 ni 44.2. Anayetaka kumwondolea Clark faida ya mstari wa pointi tatu apunguze pointi moja kwa kila moja ya mitupo yake 548 iliyoingia; atabaki na 3,403. Sasa mnajadili kitu. Rekodi ya jumla ni ya Clark, kiwango kwa mechi ni cha Maravich, na yeyote anayetumia moja kufuta nyingine anachanganya vipimo.

Ukifuatilia michezo ya Marekani utakuta ubishi karibu wote una ugonjwa huo huo: mtu kagawanya kwa kitu kisicho sahihi, au hakugawanya kabisa. Tuanze na kikapu, kwa sababu kikapu chenyewe kiliokolewa na hesabu ya kugawanya.

Tarehe 22 Novemba 1950, katika NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, Fort Wayne Pistons waliifunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Hiyo si robo ya kwanza, ni mechi nzima. Timu ikiongoza ilikuwa inashika mpira tu na kuupitisha huku na huku. Mwaka 1954 Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, alikuja na dawa. Aliona mechi tamu huwa na mitupo kama 60 kwa kila timu, yaani 120 kwa jumla. Mechi ni dakika 48, sawa na sekunde 2,880. Gawanya kwa 120, unapata 24. Saa ya sekunde 24 unayoiona juu ya ubao mpaka leo haina siri nyingine.

Kwa hiyo kipimo cha kikapu si dakika wala mechi. Ni zamu ya kushambulia. Timu mbili zinazocheza pamoja hupata zamu karibu sawa, kwa sababu ukimaliza yako mpira unakwenda kwa mwenzako. Zamu haziandikwi moja kwa moja kwenye karatasi ya takwimu, lakini unaweza kuzikadiria kwa peni na karatasi:

zamu = mitupo ya kawaida (iliyoingia na iliyokosa) + (0.44 × mitupo huru) − ribaundi za kushambulia + mipira iliyopotezwa

Ribaundi za kushambulia ni mipira ambayo timu inaidaka tena baada ya mtupo wake wenyewe kukosa. Hiyo 0.44 huwasumbua wengi. Mtu anafikiri: mitupo huru huja miwili miwili, basi izidishwe kwa 0.5. Ingekuwa hivyo kama yote ingekuja miwili miwili. Lakini kuna mtupo huru mmoja wa nyongeza baada ya kufunga huku ukifanyiwa faulo (zamu ile tayari imehesabiwa kwenye mtupo ulioingia), kuna faulo ya kiufundi ambayo haimalizi zamu, na kuna mitatu kwa aliyefanyiwa faulo nyuma ya mstari wa pointi tatu. Ukiichanganya yote, wastani wa NBA unaangukia jirani na 0.44.

Tuseme timu imetupa mara 88, ikapata mitupo huru 22, ribaundi za kushambulia 10, ikapoteza mipira 13. Zamu ni 88 + 9.7 − 10 + 13, karibu 101. Ikiwa imefunga pointi 115, gawanya kwa 100.7 kisha zidisha kwa 100: pointi 114 kwa kila zamu 100. Halafu fanya hivyo hivyo kwa wapinzani. Zamu za timu mbili zikitofautiana kwa zaidi ya nne au tano, usianze kutangaza ugunduzi. Rudi uangalie, kwani mara nyingi umechukua ribaundi zote badala ya zile za kushambulia peke yake. Kosa hilo ni la kila siku, na linapunguza zamu zako kwa thelathini hivi.

Sasa mlete Wilt Chamberlain, nyota wa NBA wa enzi za zamani. Msimu wa 1961–62 alikuwa na wastani wa pointi 50.4, na hakuna namba inayotupwa mezani kwa kishindo zaidi ya hiyo. Mgawanyo wa kwanza ni wa dakika. Alicheza wastani wa dakika 48.5 katika mchezo wa dakika 48, maana hakupumzika hata kwenye muda wa nyongeza. Wa pili ni wa nafasi alizotumia: mitupo 3,159 na mitupo huru 1,363 ili kupata pointi 4,029. Kipimo cha haki hapa ni pointi ukigawanya kwa mara mbili ya (mitupo + 0.44 × mitupo huru). Inatoka 0.536. Shai Gilgeous-Alexander, mchezaji bora wa NBA msimu wa 2024–25, alikuwa na pointi 32.7 kwa mitupo 21.8 na mitupo huru 8.8. Piga hesabu ile ile: 0.637.

Kuna anayesoma hapa na kukimbia kuandika kwamba Shai ni bora kuliko Wilt. Pole pole. Kipimo hicho kinasema nani alipata zaidi kwa kila nafasi, na enzi za Wilt karibu kila mtu alikuwa anakosa mitupo zaidi kuliko sasa. Ulinganishe mtu na wenzake wa msimu wake kwanza, ndipo uvuke enzi. Tena usijaribu kukokotoa zamu za 1962 kwa fomula ya juu: NBA ilianza kutenganisha ribaundi za kushambulia na za kulinda msimu wa 1973–74. Anayekupa zamu za Wilt kwa desimali mbili anakupa makisio yaliyovaa suti.

Kosa jingine la kugawanya ni lile la “kwa dakika 36”. Mchezaji wa benchi anacheza dakika 11, anafunga 7, mtu anazidisha mpaka dakika 36 na kutangaza kwamba kocha hajui kazi. Dakika 11 zile huenda alikutana na benchi ya wapinzani, miguu ikiwa mibichi, na hakuna aliyepanga ulinzi kwa ajili yake. Kugawanya kunasawazisha muda, hakusawazishi wapinzani.

Wapinzani ndio mzizi wa kikapu cha vyuo, na hapo mambo yanakuwa mazito kidogo.

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, daraja lake la kwanza lina timu zaidi ya 350. Haziwezi kukutana zote, kwa hiyo ushindi 25 wa chuo kimoja na 25 wa kingine ni vitu viwili tofauti. Kamati inayochagua timu 68 za mashindano ya Machi hutumia orodha iitwayo NET, iliyoanza msimu wa 2018–19, na inagawanya mechi katika makundi manne kwa ugumu. Kundi la kwanza ni kucheza nyumbani na timu ya nafasi ya 1 hadi 30, uwanja usio wa yeyote na timu ya 1 hadi 50, au ugenini na timu ya 1 hadi 75. Kundi la pili ni 31 hadi 75 nyumbani, 51 hadi 100 uwanja usio wa yeyote, 76 hadi 135 ugenini.

Maana yake kwa vitendo ni hii: kumfunga mpinzani wa nafasi ya 60 kwake ni ushindi wa kundi la kwanza; kumfunga huyo huyo kwako ni wa kundi la pili. Na nafasi inayohesabiwa ni ya leo, si ya siku mlipocheza. Ushindi wa Novemba dhidi ya timu iliyokuwa ya 28 nyumbani unaweza kuamka Machi ukiwa wa kundi la pili kwa sababu timu ile iliporomoka Januari. Mashabiki wanaolalamika kwamba “walitunyang’anya” wakati mwingine wamenyang’anywa na mpinzani wao wa zamani aliyeanza kufungwa ovyo.

NET pia hutazama ufanisi kwa zamu, ukiwa umerekebishwa kwa ubora wa mpinzani na mahali mlipocheza. Ndiyo sababu utaona timu inaongoza kwa 24 na kocha bado hajatoa wachezaji wake watano wa kwanza. Watu wanamwona katili. Anasoma fomula.

Mchezo wa vyuo vya wanaume ni dakika 40 na saa ya sekunde 30, hivyo zamu ni chache kuliko NBA, kama 70 kwa timu. Zamu zikipungua, bahati inapata nafasi zaidi. Timu ya chuo cha Virginia ya 2018 ilikuwa miongoni mwa timu zilizocheza taratibu kuliko zote nchini. Kwenye mashindano ya Machi timu hupangwa kwa ubora, namba 1 hadi 16 katika kila kanda; Virginia ikaingia kama namba moja wa jumla, ikakutana na chuo cha UMBC cha namba 16. Tarehe 16 Machi ikapigwa 74 kwa 54, mara ya kwanza kwa namba 1 kufungwa na namba 16 upande wa wanaume. (Upande wa wanawake Harvard walishawafanyia hivyo Stanford mwaka 1998, jambo linalosahaulika kila Machi.) Nadharia ya mwendo wa taratibu ina mantiki: mwenye ubora anataka zamu nyingi, kama mwenye sarafu iliyoelemea upande wake anavyotaka irushwe mara nyingi. Lakini kipigo cha 20 hakifunikwi na bahati peke yake, na mchezaji wao De’Andre Hunter alikuwa nje akiwa amevunjika mkono. Mwaka uliofuata, kwa mwendo ule ule wa kobe, Virginia walibeba ubingwa. Kwa hiyo nadharia iwekwe mahali pake.

Tukiwa vyuoni, kuna mgawanyo mwingine unaozungumzwa zaidi ya mpira wenyewe: fedha. Tangu 1 Julai 2021 mwanamichezo wa chuo anaweza kulipwa kwa kutumia jina na sura yake. Kisha Juni 2025 mahakama iliidhinisha suluhu ya kesi ya House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA, na vyuo vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kikomo kikiwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa masomo 2025–26. Mikataba ya watu wa nje ya dola 600 au zaidi inapaswa kupelekwa kukaguliwa, na haiingii katika kikomo hicho.

Mgawanyo uliotajwa sana ni karibu asilimia 75 kwa futiboli ya Marekani, 15 kwa kikapu cha wanaume, 5 kwa kikapu cha wanawake, 5 kwa michezo mingine yote. Kila chuo kina uhuru wake, lakini tuchukue huo. Mashabiki huona 75 na kusema futiboli imekula kila kitu. Gawanya tena kwa vichwa. Asilimia 75 ni dola milioni 15.4, orodha ya futiboli ina kikomo cha wachezaji 105, wastani ni kama dola 146,000. Asilimia 15 ni milioni 3.08, kikapu kina kikomo cha wachezaji 15, wastani ni kama dola 205,000. Mchezaji wa kikapu wa kiume, kwa kichwa, yuko mbele. Bila shaka hakuna kocha anayegawa sawa kwa sawa, na mrusha mpira mkuu wa futiboli hapati sawa na mlinzi wa akiba. Lakini kama hoja yako ilikuwa ya wastani, basi itaje kwa wastani.

Suluhu hiyo hiyo iliondoa vikomo vya zamani vya ufadhili wa masomo na kuweka vikomo vya idadi ya wachezaji. Waliofurahi kimya kimya ni watu wa besiboli. Zamani timu ya chuo ilikuwa na ufadhili kamili 11.7 wa kugawana wachezaji hadi 27. Ndiyo, nukta saba. Mchezaji alikuwa anapewa kipande cha ada, robo au theluthi, na wazazi wanamalizia. Gofu ya wanaume ilikuwa na 4.5. Sasa besiboli inaruhusiwa wachezaji 34 na chuo kinaweza kuwafadhili wote kikitaka na kikiwa na uwezo. Tatizo ni hilo “kikiwa na uwezo”: hadi dola milioni 2.5 za ufadhili mpya zinahesabiwa ndani ya kile kikomo cha dola milioni 20.5.

Na usiulize kwa nini ligi ya vyuo iitwayo Big Ten (“Kumi Kubwa”) ina vyuo 18, Big 12 ina 16, na ligi yenye jina la Atlantiki ina Stanford na California vilivyoko upande wa Pasifiki. Hapo hesabu imeshindwa kabisa.

Besiboli, kwa upande wake, ni mchezo uliojengwa juu ya kugawanya tangu karne ya 19, na kwa sababu hiyo una mitego mingi kuliko mingine. Kwa asiyeujua: mrushaji anarusha, mpigaji anapiga na kukimbilia besi; akizizunguka zote nne ni mkimbio mmoja, na homurani ni pigo linalomwezesha kuzizunguka zote mara moja. Mpigaji akitolewa ni auti, na auti tatu humaliza zamu ya timu yake katika iningi, yaani awamu ya mchezo.

Mtego wa kwanza ni wa wastani wa kupiga: mapigo yaliyofika besi yakigawanywa kwa zamu rasmi za kupiga. Neno zito hapo ni “rasmi”. Ukipewa besi ya bure baada ya mirusho minne mibaya, zamu hiyo haihesabiwi. Ukigongwa na mpira, haihesabiwi. Ukijitoa mhanga kumsogeza mwenzako, haihesabiwi. Kwa hiyo wastani huo unamfumbia macho mtu ambaye kazi yake ni kufika besi kwa njia yoyote.

Tazama Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili za besiboli kuu ya Marekani, mwaka 2024. Luis Arraez alitwaa ubingwa wa wastani: mapigo 200 katika zamu rasmi 637, sawa na .314 (yaani 0.314). Shohei Ohtani alipata 197 katika 636, .310. Ni kama mapacha, tofauti ya mapigo matatu. Sasa badilisha kigawanyo. Kiwango cha kufika besi (mapigo, besi za bure na kugongwa, juu ya zamu karibu zote) kinampa Arraez .346 na Ohtani .390. Hesabu besi badala ya mapigo: Arraez besi 250, Ohtani 411, kwa sababu Ohtani alikuwa na homurani 54 na mwenzake 4. Gawanya kwa zamu rasmi, ni .392 dhidi ya .646. Jumlisha viwango viwili hivyo kama wafanyavyo wengi: .739 kwa 1.036 (desimali ya mwisho huweza kucheza kwa sababu ya kukadiria). Pacha mmoja ni mpigaji mwepesi wa kupendeza. Mwingine alikuwa mchezaji bora wa ligi.

Ile jumla ya mwisho, OPS, ina kasoro ambayo mwalimu wa shule ya msingi angeitia alama nyekundu: inajumlisha sehemu mbili zenye vigawanyo tofauti. Pia inachukulia kufika besi na kupata besi nyingi kuwa na thamani sawa, wakati kufika besi kuna uzito mkubwa zaidi katika kuzalisha mikimbio. Itumie kwa mazungumzo ya haraka. Usiitumie kutenganisha wachezaji wawili waliopishana kwa pointi 15, yaani .015.

Ubingwa wa wastani unahitaji angalau zamu 3.1 kwa kila mechi ya timu, yaani 502 kwa msimu wa mechi 162. Mwaka 1996 Tony Gwynn aliishia na 498. Kanuni inasema mwongezee zamu zinazopungua kana kwamba alikosa zote. Mapigo 159 kwa 451 yakawa 159 kwa 455: .349. Bado alimzidi Ellis Burks mwenye .344, akachukua ubingwa, ingawa vitabuni anaandikwa .353. Hiyo ni kanuni nzuri kuliko nyingi. Inakuadhibu kidogo kwa kukosekana bila kukufuta.

Kwa warushaji, kosa la kiufundi linalofanywa hata na watu wazima ni kusoma “6.1” kama sita nukta moja. Ni iningi sita na theluthi moja, kwa sababu kila iningi ina auti tatu. Iningi 5.2 ukijumlisha na 6.2 ni 12.1, si 11.4. Njia salama ya kupata ERA, wastani wa mikimbio halali (isiyotokana na makosa ya wadakaji) anayoruhusu mrushaji kwa iningi tisa, ni kuacha iningi kabisa na kuhesabu auti: mikimbio halali × 27 ÷ auti. Mrushaji aliyetoa mikimbio 2 katika 6.1 ana auti 19. 54 kwa 19 ni 2.84. Anayegawanya kwa 6.1 anapata 2.95 na kumdhulumu mtu.

Na ushindi wa mrushaji haugawanywi kwa kitu chochote, ndiyo maana umeachwa pembeni. Jacob deGrom mwaka 2018 alikuwa na ushindi 10 na vipigo 9, ERA ikiwa 1.70, akapewa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Félix Hernández alikuwa 13 kwa 12 mwaka 2010, naye akapewa. Walirusha vizuri, wenzao hawakupiga. Ukisikia mtu bado anahesabu ushindi, muulize mrushaji anafungaje mikimbio akiwa amekaa benchi, hasa sasa ambapo tangu 2022 hata Ligi ya Taifa ina mpigaji maalumu anayempigia.

Uwanja nao ni kigawanyo. Coors Field ya Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi, mpira unaruka mbali, na mrusho wa kupinda haupindi sawasawa. Tangu 2002 wanahifadhi mipira kwenye chumba chenye unyevu ili isikauke na kuwa na mruko mkali. Hata hivyo namba za pale lazima zirekebishwe.

Jambo jipya ni la msimu wa 2026: mashine ya kukatia rufaa uamuzi wa refa juu ya mrusho. Kila timu ina rufaa mbili, ukishinda unabaki nayo. Anayeruhusiwa kukata ni mpigaji, mrushaji au mdakaji tu, papo hapo, bila ishara kutoka benchi. Eneo la straiki, ambamo mrusho ukipita unahesabiwa dhidi ya mpigaji, limefungwa kwenye kimo: juu ni asilimia 53.5 ya urefu wa mpigaji, chini asilimia 27, upana ni ule wa bamba la nyumbani, inchi 17. Aaron Judge mwenye mita 2.01 ana eneo la kutoka sentimita 54 hadi 107 hivi. José Altuve wa mita 1.68, 45 hadi 90. Timu itakayopoteza rufaa zake mapema kwa hasira itazikosa iningi ya tisa, na nafikiri wadakaji ndio watakaozitumia vizuri kuliko wapigaji, maana mpigaji kila mrusho unaomtoa anaona ameonewa.

Gofu nimeiacha mwisho kwa sababu ni mchezo pekee hapa ambao shabiki mwenyewe hubeba namba yake mfukoni.

Takwimu mbovu kuliko zote katika gofu ni idadi ya mapigo kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo, kwa raundi. Mtu akiwa na 27 anasifiwa kwa mkono mtulivu. Lakini aliyekosa grini mara nane, akachipu (pigo fupi la kuurusha mpira grini) mpaka mita moja kila mara, atakuwa na namba ndogo bila kusukuma mpira wowote wa maana. Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia ndiye aliyeinyoosha: kila mahali kuna idadi ya mapigo ambayo mchezaji wa kulipwa hutarajiwa kuyatumia kumaliza shimo. Chukua matarajio ya mwanzo, toa matarajio ya ulipofikia, toa pigo moja ulilotumia. PGA Tour, mzunguko mkuu wa gofu ya kulipwa Marekani, ilianza kuitumia mwaka 2011 kwenye grini.

Futi 8, mchezaji wa kulipwa huingiza karibu nusu ya mara, hivyo matarajio ni 1.5. Ukiingiza, umepata 0.5. Ukikosa na kumalizia, umepoteza 0.5. Futi 33 matarajio ni karibu 2, kwa hiyo mapigo mawili kutoka huko si kosa wala sifa. Kwa kipimo hiki ndipo ilipoonekana kwamba mapigo marefu ya kufikia grini yanatenganisha wachezaji kuliko grini yenyewe, na Scottie Scheffler ndiye shahidi: 2024 alishinda mara saba PGA Tour huku miezi michache tu kabla watu wakimcheka kwa kusukuma vibaya.

Orodha ya dunia ya wachezaji ina mtego wake. Pointi za wiki 104 hugawanywa kwa idadi ya mashindano, lakini kigawanyo hakishuki chini ya 40 wala hakizidi 52. Mwenye pointi 200 kwa mashindano 25 hapati 8. Anapata 5, kwa sababu anagawanywa kwa 40. Nyota aliyeumia akirudi na kushinda, usishangae kumwona bado yuko chini.

Sasa handikapu yako, namba inayoamua mapigo ya msaada unayopewa ili ushindane na walio bora kuliko wewe. Watu hudhani ni wastani wa mapigo unayozidisha juu ya pari, yaani mapigo yanayotarajiwa. Sivyo, ni wastani wa raundi 8 bora kati ya 20 za mwisho, yaani inaonyesha unachoweza ukiwa na siku njema. Ndiyo sababu siku nyingi utacheza vibaya kuliko inavyosema, na hilo si ushahidi kwamba imekosewa. Kwa kila raundi: toa daraja la kiwanja (mapigo anayotarajiwa mchezaji mzuri asiye na msaada) kwenye mapigo yako, zidisha kwa 113, gawanya kwa kiwango cha mteremko wa ugumu wa kiwanja hicho. Mapigo 92, daraja 71.2, mteremko 128: 20.8 × 113 ÷ 128 ni 18.4. Kabla ya hapo punguza mashimo yaliyokuharibikia: kikomo cha shimo moja ni pari, kuongeza mawili, kuongeza mapigo ya msaada unayostahili kwenye shimo hilo.

Hatua inayorukwa ni ya kurudi. Tuseme wastani wa zile raundi 8, yaani handikapu yako, nao ni 18.4. Hauchezwi popote kama ulivyo: unauzidisha kwa mteremko, unagawanya kwa 113, kisha unaongeza daraja ukitoa pari. Kwenye kiwanja cha mteremko 140, daraja 73.0 na pari 72, ni 18.4 × 140 ÷ 113 + 1.0, yaani mapigo 24. Kwenye chenye mteremko 105, daraja 68.5 na pari 71, unapata 17.1 − 2.5, yaani 15. Mtu yule yule, tofauti ya mapigo tisa. Wawili wakicheza kutoka vibao tofauti vya kuanzia, kila mmoja ana daraja lake na mteremko wake, hata kama shimo ni moja; jazeni kadi kabla ya pigo la kwanza, kwa sababu baada ya shimo la 18 hakuna atakayekubali hesabu inayomfanya alipe.